Siku moja maishani mwangu: kuituliza bunduki ya upepo ya springi

Saa 1:00 asubuhi

Kazi ya leo iko mezani: bunduki ya upepo ya kukunja mtutu, kaliba ya milimita 4.5. Mwenyewe ameniambia mambo mawili tu. Ikifyatuka inalia mlio mrefu wa chuma, na inamgonga shavuni. Hajaomba nguvu zaidi, anataka itulie. Nilifurahi kusikia hivyo, maana wengi wanaoleta bunduki za springi huomba kasi tu, na kasi ndiyo inayoziharibu.

Kabla ya kugusa bisibisi nafungua mtutu na kutazama ndani hadi nione mwanga upande wa pili. Hakuna peleti, ile risasi ndogo ya bunduki ya upepo. Haijakokiwa, yaani springi haijavutwa tayari kwa kufyatua. Kuanzia hapa, kila mtutu unapokuwa umekunjwa, mkono mmoja unaushikilia bila kuuachia. Kifyatulio kikiachia wakati huo, mtutu hujifunga kwa nguvu zote za springi, na vidole vilivyo kwenye mdomo wa silinda vinakatika.

Saa 1:30

Sifungui bunduki ambayo sijaipima. Naweka kronografu, kifaa cha kupima kasi ya peleti, mbele ya mtutu na kupiga mfululizo wa peleti za gramu 0.55. Ya polepole kuliko zote inasoma mita 221 kwa sekunde, ya kasi kuliko zote 247. Wastani ni 236, yaani joule 15 na ushei. Wastani si mbaya hata kidogo. Tatizo ni tofauti ya mita 26 kati ya peleti na peleti, kwa sababu hapo kila peleti inashuka kwa kiwango chake na hakuna mlengaji wa kuirekebisha.

Mifyatuko ya kwanza ilitoa moshi na mlio mkali kuliko iliyofuata. Kuna mafuta mbele ya pistoni. Pistoni inapoibana hewa kwa ghafla, joto linapanda sana ndani ya nafasi ndogo, na mafuta ya kawaida ya kulainishia yanawaka yenyewe, sawa na ilivyo ndani ya injini ya dizeli. Kila mfyatuko unachoma kiasi tofauti, ndiyo maana kasi inapanda na kushuka. Mtu amemimina oili kupitia tundu la hewa akidhani anaitunza bunduki.

Jaribio jingine dogo: kipande chembamba cha karatasi laini juu ya mahali mtutu unapokutana na silinda, kisha nafyatua. Karatasi ikiruka, hewa inavuja. Iliruka.

Mwisho, shabaha ya mita 25 nikiwa nimeegemea. Matundu yametawanyika milimita 46, kutoka kitovu cha tundu la mbali hadi kitovu cha lingine. Naandika yote kwenye daftari.

Saa 3:00

Kitako kwanza. Skrubu mbili za mbele nilizizungusha kwa vidole bila kuhitaji bisibisi. Sehemu ya ile milimita 46 ilikuwa hapo tayari. Bunduki ya springi hutikisika pande mbili: pistoni inapokwenda mbele, bunduki inarudi nyuma, kisha pistoni inaposimama ghafla, bunduki inasukumwa mbele. Mitikisiko hiyo hulegeza skrubu za kitako bila mtu kuzigusa. Ukiwa na bunduki ya aina hii na shabaha imekuharibikia ghafla, zikague skrubu kabla ya kulaumu darubini.

Kinachofuata ndicho kinachoumiza watu. Hata bunduki ikiwa haijakokiwa, springi imebanwa kwa sentimita kadhaa na kizuizi cha nyuma ya silinda. Ukitoa pini bila kukishikilia, kizuizi kinaruka na springi inakifuata. Mimi natumia kibanio cha mbao ngumu chenye skrubu ndefu: bunduki inalala ndani yake, skrubu inakisukuma kizuizi mpaka pini zilegee, nazitoa, kisha nairudisha skrubu nyuma taratibu mpaka springi iishiwe nguvu. Hii ilisogea sentimita 5 hivi kabla ya kulegea. Wapo wanaofanya kazi hii kwa kuegemeza kifua na kushikilia kwa mikono. Usifanye hivyo. Kibanio kinatengenezwa kwa saa chache, na jicho halina spea.

Saa 4:00

Sehemu zote zimelala juu ya karatasi nyeupe: springi, nguzo yake ya ndani, pistoni, kofia ndogo inayokaa kati ya springi na pistoni, pini, kifyatulio. Ni vitu vichache. Bunduki za namna hii zina zaidi ya karne moja. BSA ya Birmingham ilianza kutoa zake mwaka 1905 kwa hataza ya Lincoln Jeffries, na kiini hakijabadilika: springi inasukuma pistoni, pistoni inasukuma hewa, hewa inapita kwenye tundu dogo na kuisukuma peleti.

Watu husikia ule mlio mrefu na kusema springi ina nguvu mno. Hapana. Mlio unatokana na nafasi tupu. Pistoni inapogonga hewa iliyobanwa inasimama, pengine hata inarudi nyuma kidogo, lakini mizunguko ya springi bado ina mwendo ndani yake. Inatetemeka. Kama pana nafasi kati yake na nguzo, inagonga chuma huku na huku, na wewe unaisikia kwenye sikio na mfupa wa shavu.

Nachukua kalipa, kipimo cha vipenyo. Tundu la ndani ya springi lina kipenyo cha milimita 13.4. Nguzo, ambayo ni bomba jembamba la bati, ina milimita 12.7. Sehemu saba za kumi za milimita zinaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ndani ya bunduki ndizo zinazolia. Upande wa nje nako, kati ya springi na ukuta wa ndani wa pistoni, pana nafasi ya kutosha kuichezesha springi kwa kidole.

Naiviringisha springi juu ya kioo. Inayumba. Imepinda katikati, na springi iliyopinda huisukuma pistoni kwa ubavu hadi ikwaruze silinda upande mmoja. Hii sitairudisha. Ninayo mpya yenye unene uleule wa waya na kipenyo kilekile, fupi kidogo, ambayo haitabanwa sana ikiwa imepumzika. Tutapoteza mita chache za kasi, na mwenyewe amekubali.

Ncha za springi mpya nazisugua ziwe bapa, kisha nazing'arisha kwa msasa laini uliolowa. Springi inapobanwa hujisokota kwenye mhimili wake, na ncha yenye makwaruzo inakwama kisha inaachia kwa mshtuko. Chini ya ncha naweka washa, kile kisahani chenye tundu, laini ya chuma ili izunguke bila kukwama. Washa zisizidi, kwa sababu kila moja inaongeza mbano wa springi na kuturudisha kwenye nguvu tuliyokuwa tunaikimbia.

Saa 5:00

Nguzo mpya naikereza mwenyewe kutoka kwenye fimbo ya asetali, plastiki ngumu inayoteleza. Hapa ndipo siku yote inapoamuliwa, na hapa sifanyi haraka. Nakereza kidogo, napima, naijaribu ndani ya springi, nakereza tena. Ninachotafuta hakiwi na namba moja kwa bunduki zote. Nataka nguzo iingie kwa kusukumwa na kiganja na itoke kwa kuvutwa, bila kudondoka yenyewe nikiigeuza.

Kwa nini ikaze hivyo? Kwa sababu springi ikibanwa, kipenyo chake hutanuka kidogo. Nguzo inayokaa legelege springi ikiwa huru italegea zaidi ikishakokiwa. Inayokaza kupita kiasi nayo ina hasara, inakula nguvu kwa msuguano na kasi inaanza kutangatanga tena. Mahali sahihi pana upana wa nywele, na vidole vinapajua kabla ya kalipa.

Kofia ya upande wa pistoni naikereza kwa asetali hiyohiyo badala ya chuma kizito kilichokuwemo. Uzito wa kofia unasafiri pamoja na pistoni, na kadiri kinachosafiri kinavyokuwa kizito ndivyo bunduki inavyorushwa zaidi. Ndani ya pistoni natia bomba jembamba la plastiki lililopasuliwa kwa urefu, linaloziba ile nafasi ya nje. Naipenyeza springi. Naitikisa pistoni karibu na sikio. Kimya.

Saa 7:00 mchana

Silinda nimeiosha kwa kiyeyusho hadi kitambaa kikatoka cheupe. Sili ya zamani ya pistoni, ile inayozuia hewa isivuje, ina kidonda ukingoni, na chanzo chake ni kingo za ule mpasuo wa chini ya silinda, unapopita mkono wa kukokia. Kiwandani zimeachwa kali. Sili inakatwa siku inayoingizwa, hata kabla ya risasi ya kwanza. Nazilainisha kwa tupa ndogo ya mviringo na kumalizia kwa msasa, kisha napitisha kidole. Kisipohisi kitu, sili nayo haitahisi.

Ndani ya silinda napitisha msasa laini uliozungushiwa kijiti, kwa mzunguko wa kukatana, mara chache tu. Wapo wanaong'arisha silinda hadi waone sura zao. Mimi siamini katika hilo. Mistari midogo inahifadhi kilainishi mahali kinapohitajika.

Sili mpya nimeikata kidogo ukingoni hadi ikapita kwa kusukumwa na dole gumba kwa nguvu ya wastani. Ile ya kwenye mtutu, iliyokuwa ikivujisha hewa, nimeiinua kwa kuiwekea washa nyembamba chini yake.

Kifyatulio nakisafisha na kukipaka grisi ya molibdeni kidogo kwenye nyuso zinazosuguana. Skrubu ya kurekebisha naizungusha ndani ya mipaka ya mtengenezaji. Meno yake sichongi. Kifyatulio kilichochongwa nyumbani kinaweza kuachia bunduki ikigongwa tu, na bunduki ya hivyo ni ya hatari kuliko iliyo na kifyatulio kizito.

Saa 8:30

Grisi inachukua dakika chache, lakini wengi wanakosea hapa. Molibdeni disalfaidi, kiasi cha kubadilisha rangi ya chuma tu, kwenye mwili wa pistoni na mahali inapogusa silinda. Mbele ya sili, hakuna kitu kabisa. Springi inapata grisi nzito inayonata, utando mwembamba kwa mswaki. Grisi hiyo ikipakwa nyingi huficha kelele ya nguzo mbovu, ila inakula kasi. Nguzo ikikaa vizuri, unahitaji kidogo sana.

Kuunganisha ni kurudi njia ileile. Pistoni inaingia taratibu, nikiizungusha sili ipite kwenye mpasuo bila kukwaruzwa. Kibanio, pini, kifyatulio, mkono wa kukokia. Skrubu za kitako nazifuta mafuta na kuziwekea washa zenye meno. Kisha nakoki bila kuondoa mkono kwenye mtutu, natia peleti, na kufyatua kwenye kisanduku cha kukingia risasi. Siifyatui kamwe bila peleti, kwa kuwa pistoni isiyo na hewa ya kuizuia hugonga mwisho wa silinda kwa uzito wake wote.

Mfyatuko mmoja mfupi, mzito. Hakuna mlio unaobaki hewani.

Saa 9:30 alasiri

Naiacha ipige peleti kadhaa ili sili ijikalishe, halafu kronografu. Polepole kuliko zote 228, kasi kuliko zote 233, wastani 231. Hiyo ni joule 14.7. Tumeacha mita tano za wastani na kupunguza tofauti kutoka 26 hadi 5. Mabadilishano hayo nayakubali kila siku. Karatasi juu ya kiungo cha mtutu haikutikisika.

Joule naziandika kwa makusudi. Uingereza, bunduki ya upepo inayozidi futi-pauni 12, yaani joule 16.3 hivi, inahitaji kibali cha silaha. Ujerumani kikomo cha zile zinazouzwa bila kibali ni joule 7.5, na zina alama ya F ndani ya pembe tano. Anayerekebisha bunduki nyumbani ndiye anayewajibika kwa namba inayotoka, kwa hiyo asiye na kronografu asiguse springi.

Mita 25, mkao uleule, peleti zilezile: milimita 19. Naishika kwa kiganja kilichofunguka, bila kuibana, bega likigusa tu. Peleti bado imo ndani ya mtutu wakati bunduki inarudi nyuma, na ukiibana leo kwa nguvu na kesho kwa ulegevu, itatoka ikielekea pawili. Hata iliyotulizwa hivi inataka iachwe iende zake kwa namna ileile kila mara.

Saa 11:00 jioni

Mwenyewe amefika. Nimempa kwanza daftari, halafu bunduki. Amepiga moja, akaitoa shavuni na kuitazama.

"Fundi, umebadilisha springi peke yake?"

"Springi, mzee wangu, na nafasi iliyokuwa inaizunguka. Hiyo nafasi ndiyo iliyokuwa inakupiga."

Amepiga tena, na tena, hadi kibao cha shabaha kikatoboka katikati. Nimemwachia maelekezo: oili isiingie kwenye tundu la hewa, asiiache imekokiwa muda mrefu, skrubu za kitako akazie baada ya kopo la kwanza la peleti, asitumie peleti nyepesi sana zinazouzwa kwa sifa ya kasi, kwa sababu zinaondoka mapema na kuiachia pistoni igonge. Kopo hilo likiisha aniletee tuipime upya, maana sili mpya hubadilisha kasi kidogo ikishazoea silinda, na nataka kuiandika namba hiyo chini ya ile ya leo.