Kidole gumba juu ya kioo

Jumapili, baada ya isha

Leo nimeiweka kando kazi ya miezi mitano. Sikuifuta, iko kwenye folda yake, lakini gemu niliyokuwa nikiijenga tangu ilipomalizika Sikukuu ndogo sitaiendeleza tena. Naandika sasa hivi kwa sababu kesho nitaanza kujitetea, na nataka yabaki kama yalivyo.

Kwa asiyejua ninachofanya: natengeneza chipukizi la Doom kwa ajili ya simu. Doom ni ile gemu ya kupiga risasi ya kampuni ya id Software iliyotoka Desemba 1993, ambayo watoto wake na wajukuu wake wangali wanatolewa mpaka leo. Mimi si mtu wa kampuni. Niko peke yangu hapa Kikwajuni, Unguja, chumba kimoja, laptopu moja na feni. Kinachonipa njia ni kwamba John Carmack, aliyeiandika injini yake, aliutoa msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha gemu, hadharani Desemba 1997, na mwaka 1999 ukawekwa chini ya leseni ya GPL. Yeyote anaruhusiwa kuuchukua na kuujenga upya, ila akiigawa gemu yake, na msimbo wake autoe vilevile. Jina, picha na sauti havimo katika ruhusa hiyo, vina mwenyewe. Kwa hiyo yangu haitaitwa Doom, na kila ukuta na kila dude lililomo nimelichora mwenyewe. Sharti hili silioni zito. Mtu ametoa jasho lake bure, na mimi nitatoa langu.

Kosa langu lilikuwa kwenye hesabu. Doom ya mwanzo ilichora picha ya nukta 320 kwa 200, fremu 35 kwa sekunde zikizidi sana, kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ya MB 4. Simu ya mpwa wangu ni ya bei ya chini kabisa, lakini ina GB 2, mara mia tano ya ile. Nikasema basi, nguvu ipo, nihamishe kila kitu kama kilivyo, mbio zake na vita vyake. Na kweli ikakimbia vizuri, wala simu haikupata moto.

Jana mpwa wangu alipotoka chuo cha Kurani nikampa aijaribu. Ana miaka kumi na mbili. Tulikaa barazani, na kwa mara ya kwanza sikuitazama gemu, nilitazama mikono yake. Gumba la kushoto liko kwenye duara la kutembelea, la kulia kwenye kitufe cha risasi. Kioo chenyewe kina ufa unaoanzia pembeni. Lile gumba la kulia lilikuwa limeziba karibu robo ya kioo, na dude likatokea papo hapo chini yake. Hakuliona. Akainua kidole apate kuona, bunduki ikanyamaza, akafa. Akaanza tena, akafa tena. Mara ya nne akafanya jambo lililoniuma: alilaza kichwa ubavuni, shavu karibu liguse simu, achungulie chini ya kidole chake mwenyewe.

“Mjomba, kidole changu kinaniziba.”

Akaifuta jasho kwenye kanzu, akajaribu tena.

Usiku ule nilihamisha vitufe, nikavipunguza, nikavifanya vionekane kwa mbali kama kivuli. Vikiwa vidogo kidole hakivipati, vikiwa vikubwa vinaziba. Najua wako wanaocheza Call of Duty: Mobile kwa vidole vinne wala hawalalamiki, na wanacheza vizuri sana. Lakini pale kuna uwanja, unamwona mtu kwa mbali. Gemu yangu ni ya vichochoro. Kila kitu kinatokea karibu, kwenye kona, pale pale kidole kilipo.

Leo alasiri nikaenda kwa ami. Alikuwa na wenzake kwenye bao, nikakaa nyuma ya bega lake kama nilivyokuwa nikikaa utotoni. Mashimo thelathini na mawili, kete sitini na nne, na hakuna aliyekuwa na haraka. Ami alishika kete mkononi muda mrefu, jicho lake likizunguka. Mkono haukuwa juu ya bao. Alikuwa ameurudisha gotini, analiona bao lote, na waliomzunguka wamenyamaza. Kisha akanyoosha mkono, akasambaza, akala, na mkono ukarudi gotini. Nilihisi baridi mgongoni.

Kwa sababu jambo hili nilikuwa nikilijua! Mwaka 2005 ilitoka Doom RPG, ya simu za vitufe, iliyotengenezwa na Fountainhead Entertainment, Carmack mwenyewe akiwamo. Hawakulazimisha mbio kwenye vile vitufe vidogo. Waliifanya ya zamu: unapiga hatua moja, madude nayo yanapata zamu yao, usipogusa kitu, na yenyewe yamesimama. Miaka yote nimeihesabu kuwa dawa ya simu dhaifu, na kwa kuwa simu zimepata nguvu, dawa haina kazi. Sikufikiri kwamba simu imebadilika lakini kidole ni kile kile.

Nilichokuwa nikiogopa kupoteza ni ile hofu. Doom bila mbio itabaki nini? Lakini mimi nimekulia hapa. Umeme ukikatika, ukatembea kutoka Mkunazini kwenda Hurumzi usiku, hukimbii. Unapiga hatua, unasimama, mkono kwenye ukuta wa chokaa unaomeguka vidoleni, unasikiliza kabla ya kona. Moyo unadunda kwa sababu umesimama. Hofu ile haihitaji fremu nyingi.

Basi ni hatua. Gusa mara moja, ondoa kidole, tazama kioo chote. Na kutoka kwenye bao nimechukua sharti moja: mwenye uwezo wa kula lazima ale. Dude likiwa mbele yako na risasi unazo, huwezi kulipita; zamu hiyo ni ya kupiga. Kwa hiyo fikra yote iko kabla, kwenye kuchagua usimame wapi.

Mama amepita na chai, akatazama kidogo, akauliza hao ninaowapiga ni watu? Nikamwambia siyo, Mama, ni madude tu. “Na majini usiyatie, mwanangu.” Sitayatia. Wale askari waliokuwamo katika gemu ya asili nilikwisha kuwatoa zamani, na nafurahi niliwatoa kabla hajaniuliza.

Jumatano

Sauti. Msimbo ule wa 1997 ulitolewa bila sehemu yake ya sauti, kwa kuwa ilikuwa mali ya watu wengine. Nami leo nimerekodi zangu. Mlango mkubwa wa nyumba moja Malindi, mwenyewe ameniruhusu niufunge mara kumi. Komeo likianguka nyumba nzima inaitika. Hatua za dude ni mchi kwenye kinu cha mama, nimezipunguza kasi nusu. Bado ya risasi siipendi.

Ijumaa usiku

Leveli moja imekamilika, vichochoro sita. Nimemrushia mpwa wangu kwa Xender, ile programu ya kurushiana mafaili bila intaneti, bando halikuguswa.

Aligusa mara moja, akasogea hatua. Akangoja. Kidole bado kilikuwa juu ya kioo, amekizoea pale. Nikamwambia kiondoe. Akakiondoa, akaishika simu kwa mikono miwili pembeni kabisa, akaitazama ile kona ya tatu, kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nje mtu alipita na baiskeli, hakugeuka.

“Mjomba, sasa zamu ya nani?”

“Yako.”

Hakugusa. Alikuwa anasikiliza mchi.