Mishale miwili ya Land Rover yangu ilivyonipotosha

Land Rover niliyorithi kwa marehemu baba ni Series III yenye injini ya petroli ya lita 2.25, toleo lililoundwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, na ninaipenda kama mtu anavyopenda kitu kilichomlea. Wiki chache baada ya kuipaka rangi upya, kila nilipopandisha kutoka Himo kwenda Marangu mshale wa geji ya joto ulikimbilia kwenye alama nyekundu. Kwa kuhofia kuunguza gasketi ya silinda hedi, nilisafisha rejeta nikabadilisha na themostati, lakini hali ilibaki ileile, ilhali nikifungua boneti sikuona maji yakichemka wala kusikia harufu ya injini iliyozidi joto.

Mzee mmoja, fundi umeme wa siku nyingi, aliponisikiliza aliuliza habari za geji ya mafuta. Nilimjibu kwamba inaonyesha tanki karibu limejaa ingawa najua lina nusu tu. "Mwanangu," akasema, "hizo mbili zinakula sahani moja. Sahani umeitazama?"

Sahani hiyo ni stabilaiza, kikopo kidogo cha bati kinachokaa nyuma ya geji na kuupunguza umeme wa betri hadi wastani wa volti 10. Ndani yake mna kijibamba cha metali mbili kilichozungushiwa waya mwembamba: kikipata joto kinapinda na kukata umeme, kikipoa kinaurudisha, na hivyo ndivyo kinavyoendelea muda wote swichi ikiwa imewashwa. Ethi ya kikopo, yaani njia ya umeme kurudi kwenye ncha hasi ya betri kupitia bodi ya gari, ikipotea, ule waya haupati moto, kijibamba hakipindi, na umeme wote wa betri unapita moja kwa moja hadi kwenye geji zote mbili. Geji moja ikikosea peke yake, mtu atafute kasoro kwenye sensa yake, au waya wake, au geji yenyewe. Mimi nilikuwa nimeutazama mshale mmoja nikausahau wa pili.

Nilivuta waya wa majaribio kutoka kwenye bati la kikopo hadi ncha hasi ya betri, nikawasha swichi na kusubiri, kwa kuwa geji za aina hii huenda polepole. Baada ya muda mfupi mshale wa mafuta ulianza kushuka taratibu, ukatulia katikati kabisa.

Nilichomoa betri, nikaufuata waya mweusi wa ethi hadi mwisho wake, nikakuta boliti imekazwa juu ya rangi mpya ya kijani, nene na inayong'aa, bila chuma kugusa chuma. Niliikwangua kwa msasa hadi chuma kikawa cheupe, nikakaza boliti, kisha nikapaka grisi juu yake kuzuia kutu. Nilipounganisha taa ya majaribio kwenye waya unaotoka kwenye stabilaiza, ilikuwa ikiwaka na kuzima kama inavyotakiwa.

Jumamosi iliyofuata nilipandisha Marangu nikiwa na abiria wanne na magunia mawili ya mahindi, na mshale wa joto haukuvuka katikati.