Honi ya Lionel Imelia Tena Bila Kadi ya Sauti

Karibu kila niliyemwuliza hapa Ohio kuhusu honi ya kichwa changu cha treni ya kuchezea ya umeme, namba 2333 cha kampuni ya Lionel, chenye rangi nyekundu na fedha za shirika la reli la Santa Fe, alinijibu hivyo hivyo: ng'oa hiyo ya zamani, weka kadi ya sauti ya kidijitali. Ushauri huo uliniudhi sana. Honi ya treni iliyoanza kuuzwa mwaka 1948 ni bati linalotetemeka kwelikweli ndani ya kichwa, na mfumo unaoiliza ni kazi ya fundi aliyefikiri vizuri, hivyo sikuona sababu ya kuutupa kabla ya kuupima.

Reli hubeba umeme wa AC, yaani unaogeuza mwelekeo kila mara, nao ndio unaoendesha mota. Ukisukuma mkono wa honi kwenye transfoma, umeme kidogo wa DC, unaokwenda upande mmoja tu, huongezwa juu ya ule wa AC, na ndani ya kichwa kuna rilei, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme, ambayo kiini chake kimevikwa shaba ili AC isiitikise, bali DC peke yake iivute. Rilei ikivutwa, huunganisha betri moja kubwa ya D, yenye volti 1.5, na betri hiyo ndiyo inayoliza honi.

Kama ilivyo kwa treni nyingi za aina hii, betri ya alkali ilikuwa imesahauliwa humo mpaka ikavuja na kuacha ukoko mweupe kwenye mguso wake. Niliufuta kwa pamba yenye siki, nikakausha, nikapitisha msasa laini. Kisha niliiunganisha honi moja kwa moja na betri mpya, nayo ikakoroma kwa sauti nzito isiyopendeza. Kuna skrubu ndogo inayosogeza ncha za mguso. Nilipoizungusha kidogo kidogo, nikisikiliza kila hatua, mkoromo ulipanda ukawa mlio mkali na safi, nami nikaizuia skrubu kwa tone la rangi ya kucha.

Hata hivyo, treni iliporudi relini ilikuwa bubu. Muuzaji mmoja wa vipuri alinihakikishia kwamba rilei imekufa, akaniuzia nyingine iliyotumika kwa dola ishirini na kitu. Niliilehemu mahali pake, na honi haikutoa hata mkoromo. Hapo niliacha kuwasikiliza watu, nikaurudia mfumo wenyewe: ikiwa rilei inangoja DC, basi nitaipelekea DC nisiyoitilia shaka. Nilikata njia ya waya unaotoka kwenye transfoma kwenda reli ya kati (njia ya treni hizi ina reli tatu), nikaweka betri ya D katikati ya waya huo, kichwa kikiwa kimesimama ili mkondo mkubwa wa mota usipite kwenye betri. Honi ililia papo hapo, tena kwa nguvu. Nikarudisha rilei ya awali, nayo ikaitika vilevile. Lionel wenyewe waliwahi kuuza kidhibiti cha honi, namba 147, kinachotumia betri kwa njia hiyo hiyo, kwa hiyo nashangaa kwamba kipimo hiki hakitajwi kwanza.

Ugonjwa, basi, ulikuwa kwenye transfoma, ile kubwa ya Lionel ya enzi hizo iitwayo ZW. Ndani yake DC hutengenezwa na kisahani cha oksidi ya shaba, ambacho huchoka kwa miaka. Nilikiondoa na kufunga diodi ya silikoni, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, inayostahimili ampea nyingi, iliyonigharimu dola chache tu. Rilei za zamani hazichagui upande wa chanya au hasi, ila mwenye treni za kisasa pia auangalie upande huo, kwa kuwa kwenye treni hizo upande mmoja huliza honi na mwingine kengele. Pia mkono wa ZW una hatua mbili, ya kwanza ikivuta rilei kwa nguvu na ya pili ikiishikilia tu, kwa hiyo usukumwe taratibu.

Nyongeza yangu ya mwisho ni betri ya AA ya lithiamu ndani ya kopo la plastiki lenye umbo la betri ya D. Volti ni zile zile, na aina hiyo haivuji kirahisi. Mlio sasa unasikika chumba cha pili mlango ukiwa umefungwa, na hakuna tundu jipya nililotoboa wala waya wa kiwandani nilioukata ndani ya kichwa.