Nilivyochomoka kwenye sapu ya takwimu kwa msaada wa konda

Matokeo yalipotoka niliisoma namba yangu mara tatu nikidhani nimeruka mstari. Sikuruka. Takwimu ilikuwa imenilaza chali, na sapu, yaani mtihani wa marudio, inanisubiri Septemba, wenzangu wakiwa makwao wanakula likizo.

Chanzo ni ushauri. Kaka mmoja wa mwaka wa tatu alinihakikishia kwamba takwimu haisomwi, inamezwa. "Dogo, hawa hawatungi maswali mapya. Kamata madesa, maswali yaliyopita na majibu yake, ya miaka mitano, kariri. Na ukikwama andika 1.96." Nikatoa elfu sita au saba hivi ya kopi, nikameza. Hadi leo ukiniamsha usiku wa manane nakutajia uzito wa kuku kumi na wawili wa swali la tatu.

Siku ya pepa, swali la tatu likaja na sura ileile: makundi mawili, wastani wa kila kundi, pima kama kuna tofauti. Nikatabasamu peke yangu. Nikashusha jibu bila kunyanyua kichwa, na mwishoni nikahitimisha, kwa mwandiko mzuri kabisa, kwamba chakula kipya kinaongeza uzito wa kuku. Tulipotoka nje nikasikia watu wanabishana kuhusu walimu wa mjini na wa vijijini. Nikauliza, walimu gani? Swali lilikuwa la mishahara ya walimu.

Basi likizo ile nikabaki Dar, kila asubuhi napanda daladala kwenda maktaba. Konda wa ruti yetu alikuwa na wimbo mmoja: "Kumi na tano tu! Dakika kumi na tano umefika!" Siku moja nimening'inia mlangoni kwa mguu mmoja, ikanijia: hii si nadharia tete, dai la kupimwa kwa data? Bwana huyu anadai wastani ni 15. Nikaanza kuandika muda nyuma ya daftari. Safari tisa: 18, 22, 15, 25, 20, 17, 24, 19, 20.

Nikaingiza kwenye kalkuleta. Wastani ukaja dakika mia tisa na ushee. Daladala ya saa kumi na tano! Nikabonyeza tena kitufe cha wastani, jibu lilelile. Ndipo nikatazama n, idadi ya namba zilizoingizwa, nikakuta 21. Safari tisa zangu, na kuku kumi na wawili bado wamo humo ndani tangu nilipokuwa nafanyia mazoezi madesa. Sikuwahi kufuta kumbukumbu. Siku hizi kitu cha kwanza nafuta, cha pili natazama n, halafu ndiyo mengine.

Nilipofuta, wastani ukawa 20 safi. Mkengeuko sanifu, kipimo cha namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani, nao una vitufe viwili vinavyofanana kama mapacha: kimoja kikanipa 3.06, kingine 3.24. Nikakaa na kalamu, nikatoa kila safari kwenye 20, nikaipandisha kipeo cha pili, jumla 84. Ukigawa kwa 9 kisha ukatafuta kipeuo cha pili unapata ya kwanza, ukigawa kwa 8 unapata ya pili. Sampuli ni ya 8, yaani n kutoa moja. Hilo nilikuwa nimelikariri mwaka mzima bila kuliona.

Tofauti ya dakika 5 kati ya 20 yangu na 15 ya konda, gawa kwa 3.24 iliyogawanywa kwa 3 (kipeuo cha pili cha 9), unapata kama 4.63. Na hapa 1.96 ya yule kaka, namba ya sampuli kubwa, haina kazi. Watu tisa, au safari tisa, ni sampuli ndogo, unakwenda jedwali la t. Aliyelianzisha jambo hili ni William Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, akaandika mwaka 1908 kwa jina la "Student", yaani Mwanafunzi. Mwanafunzi mwenzangu! Nikampenda palepale. Digrii huru 8 (ile n kutoa moja), nafasi ya kukosea asilimia 5, upande mmoja, jedwali linasema 1.860, na 4.63 yangu imeivuka mbali. Konda ameanguka vibaya.

Sapu ilikuja na mifuko ya saruji. Nilisoma swali mara mbili kuhakikisha si kuku. Namba yangu haikuvuka ile ya jedwali, nikaandika "hakuna ushahidi wa kutosha wa kukataa dai", sikuandika "tunakubali", maana kwenye hilo neno ndipo wengi wanapoachia maksi. Nikapata C, na kwetu sapu haipandi zaidi ya hapo, kwa hiyo hiyo ni A yangu.

Nilimweleza konda matokeo yake, na hesabu nikamwonyesha. Akaangalia daftari, akacheka, akanirudishia jero yangu.

"Sasa msomi, mimi nikiita ishirini, nani atapanda?"