Nimerudi Mwanza, nafundisha kuzamia

Niliondoka Mwanza kwenda kutafuta kazi ya hoteli Nungwi, Unguja, nikarudi mwalimu wa kuzamia majini. Majirani hapa Kirumba wanauliza kama mitungi ninayozamia nayo ni ya gesi. Ni hewa tu, hii hii tunayovuta, imeshindiliwa.

Nungwi ndiko nilikoshuka kwa mara ya kwanza. Kulikuwa na nafasi botini, mwalimu akaniambia, "Dogo, vaa, twende." Matumbawe, kasa akipita zake bila haraka, na pumzi yangu ikisikika masikioni. Nimezaliwa kando ya maji, nikakua nikiyajua kwa juu juu.

Lakini raha yenyewe niliipata kwenye kufundisha. Mtu anapiga magoti chini ya bwawa, mabega yamepanda hadi masikioni, mapovu yanatoka mfululizo. Unamshika mkono, unamwonyesha kwa kiganja: taratibu. Anavuta tena, na tena, mabega yanashuka. Hapo ameamini kwamba hewa ipo. Sijawahi kuichoka dakika hiyo.

Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, huku kwetu Ziwa Victoria. Siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa fundi wa kivuko akiwa hai. Habari hiyo ilinikuta Unguja, nikalia. Sisi tuliokulia hapa tulikuwa bado tunaomboleza meli ya MV Bukoba, iliyozama ziwani Mei 21, 1996. Nikaanza kujiuliza kwa nini ujuzi huu naufundishia wageni peke yao.

Ziwa lina masharti yake. Liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na kanieneo ya hewa ni ndogo, kwa hiyo majedwali yanayoonyesha ukae kina gani kwa muda gani hurekebishwa, na kupanda ni polepole zaidi. Maji yasiyo na chumvi hayakuinui sana, basi mkanda wa vipande vya madini ya risasi, unaotusaidia kuzama, unapunguzwa uzito. Maji yakichafuka huoni hata kiganja chako. Tunashuka wawili wawili, mkono kwenye kamba. Na kichocho kipo: konokono wake hupenda majani ya kando, ndiyo maana tunaanzia bwawani, kisha boti inatupeleka mbali na matete. Sheria moja siibembelezi hata kidogo: usizuie pumzi ukiwa unapanda. Hewa hutanuka, mapafu huweza kupasuka.

Wanafunzi wangu wengi ni watoto wa wavuvi. Mama wa binti mmoja kutoka Igombe alinifuata na kuniambia, "Mwanangu, ziwa halina rafiki."

"Ndiyo maana nataka alijue, mama," nikamjibu.

Alikaa ukingoni mwa bwawa kipindi kizima, kanga ameikunja magotini, akimwangalia binti yake. Mwishoni akaniuliza kama mdogo wa kiume wa huyo binti naye anaweza kuja. Nimemwambia ajifunze kwanza kuogelea vizuri, na hilo nitamfundisha mwenyewe, Jumamosi asubuhi.