Limau ni la Mezani

Nilikuwa na vipande vinne vya samaki aina ya samoni, na viwili nilikwisha kuviharibu shangazi alipobisha hodi. Nilikuwa nimeviloweka tangu asubuhi kwenye maji ya limau, kitunguu saumu na tangawizi, nikiamini kwamba vikikaa sana ndivyo vitakavyokolea. Vile vingine viwili vilikuwa kwenye friji, bado havijaguswa.

Alikuta kikaango kinafoka. Nyama ilikuwa imepauka, na ute mweupe umechuruzika pembeni ukaganda.

“Uliviloweka tangu lini?”

“Tangu asubuhi, shangazi.”

“Basi limau lilikwisha kuviivisha kabla ya moto. Na huo weupe unaouona ni protini. Nyama ikizidiwa na moto hujibana, ikaisukuma nje.” Akazima jiko. “Nipe vile vingine.”

Nilidhani atavipaka viungo vyake. Hakugusa hata kimoja. Alipapasa nyama kwa kidole, taratibu, mpaka akaipata mistari ya miiba. Akaomba kibanio cha kung'olea nyusi, akakiosha kwa maji ya moto, akaing'oa mmoja mmoja akifuata ulikoelekea, kwani ukiuvuta kinyume nyama hupasuka. Kisha chumvi, basi. Tukasubiri robo saa. Chumvi ikavuta maji juu, akayakausha kwa kitambaa, akarudia upande wa ngozi mpaka kitambaa kikatoka kikavu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ngozi yangu siku zote ilikuwa laini kama imechemshwa: maji yaliyobaki juu yake hugeuka mvuke, na kwenye mvuke hakuna kukauka.

Mafuta kidogo, kikaango cha moto wa wastani, ngozi chini. Akakibonyeza kila kipande kwa mwiko, maana ngozi ikipata moto hujikunja. Halafu akaniambia nisiguse, nitazame ubavuni tu. Nikainama. Rangi ya waridi iliyopauka ilikuwa ikipanda polepole kutoka chini, ikiila ile rangi ya chungwa. Ilipofika kama robo tatu ya unene akavigeuza, vikakaa chini ya dakika moja, akaepua. Katikati palikuwa bado pamekoza rangi, nami nikaingiwa na wasiwasi. “Acha,” alisema, “joto lililomo ndani litamalizia.”

Kwenye kikaango kile kile kilichopoa kidogo akatia siagi na kitunguu saumu kilichopondwa. Kingewekwa mapema kingeungua na kuwa kichungu. Akavimwagia vipande siagi ile, na mwisho kabisa akaninyooshea nusu ya limau. “Sasa kamua. Limau ni la mezani.”

Ngozi ililia chini ya uma. Nyama ikaachana yenyewe, tabaka kwa tabaka, na mafuta yake yakaenea mdomoni kabla sijatafuna. Miaka yote niliyopika samoni nilikuwa sijawahi kuionja. Nilichokuwa nikionja ni viungo. Nilimwambia hivyo, akaendelea kula.

Vile viwili vya kwanza alinikataza kuvitupa. Tulivichambua, tukachanganya na viazi vya kuponda, kitunguu na kotimiri, tukafinyanga vidonge bapa na kuvikaanga. Asubuhi yake, kabla hajaondoka, tulivila tumesimama jikoni, yeye akikamulia limau kwenye changu.