Siku moja maishani mwangu: kuwasha injini iliyojengwa upya

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi niko ndani ya matatu kutoka Kariobangi, nimepakata mkebe wa oili wa lita 4. Konda ananiambia niuweke chini. Nakataa. Ni oili ya kawaida, 20W-50, si sintetiki, na nimezunguka maduka matatu kuipata ile ninayoiamini. Ringi mpya za pistoni zinahitaji kusuguana kidogo na silinda ndipo zikae, na oili laini mno huzinyima nafasi hiyo. Mama aliyeketi kando yangu anatazama kucha zangu, kisha anausogeza mkoba wake. Nguo za kazi ziko kwenye mfuko, lakini mikono ya fundi haifichiki.

Nairobi ukimtaja fundi wa magari, watu wengi husikia mwongo. Gari litakuwa tayari kesho, na kesho hiyo haifiki. Sikatai, wapo wa namna hiyo. Ila leo nataka niwaonyeshe kilichomo ndani ya neno "bado".

Saa moja. Tumefungua banda letu, hatua chache kutoka Kirinyaga Road, barabara ambayo wengi wetu bado tunaiita Grogan. Chai ya rangi, chapati moja, na baridi ya Julai inayopanda kutoka mtoni. Gari liko palepale nilipoliacha: Peugeot 504 nyeupe iliyogeuka rangi ya maziwa ya zamani. Wazee wakipita hapa husimama. Gari la aina hii lilishinda Safari Rally mwaka 1975, Ove Andersson akiliendesha, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda tena na 504 ya V6. Hii yetu haikushindana popote. Ilikuwa ya mwalimu mmoja wa Murang'a, sasa marehemu, na mwanawe ndiye aliyeniletea ikivutwa kwa kamba, injini imekwama kwa kutu.

Injini ni ya cc 1,971, ile inayokaa imelala upande. Tuliifumua yote. Laina mpya, yaani mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, pistoni mpya, kamshafti mpya, ule mhimili unaofungua valvu, na tapeti zinazosukumwa nayo. Kranki, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, ikapelekwa Industrial Area kusagwa. Wiki tano. Leo ndiyo siku ya kuiwasha.

Saa mbili nalala chini ya gari na kitambaa cheupe. Laina za injini hii zimesimama ndani ya maji, na chini kabisa kinachozuia maji yasishuke kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, ni sili nyembamba tu. Kwa hiyo jana jioni nilijaza maji kwenye rejeta bila kutia oili, nikaiacha ilale hivyo. Asubuhi nafungua nati ya sampu kwa vidole, polepole. Kama sili imeachia, maji yatakuwa yametangulia hapa. Likadondoka tone moja, rangi ya asali: ni ile oili tuliyopaka beringi wakati wa kuunganisha. Nikangoja. La pili halikuja. Nikakisugua kitambaa kati ya vidole, nikakinusa. Hakuna maji. Nikafunga nati, nikamimina oili yangu, na filta nayo nikaijaza kabla ya kuifunga, isije ikaanza ikiwa kavu.

Kupima nafasi za valvu kulichukua saa nzima: milimita 0.10 kwa valvu za kuingiza mafuta na hewa, 0.25 kwa zile za kutoa moshi.

Saa nne nikakagua nyaya za plagi, na hapo ndipo nilipokuta jambo. Kijana ninayemfundisha alizipanga jana, kwa usafi, kila waya mahali pake. Ila alianza kuhesabu silinda upande wa rejeta, kama alivyozoea kwenye Toyota. Peugeot hii silinda yake ya kwanza iko nyuma, upande wa flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Mfuatano wa kuwaka ni uleule, 1-3-4-2, hivyo ukiutazama kwa macho huoni kosa. Lakini distributa, inayogawa cheche kwa kila plagi, niliiweka mimi, kwa kufuata silinda ya flaiwili. Tungewasha hivyo, cheche zingekuja wakati valvu za kuingiza zinaanza kufunguka, na moto ungerudi juu kupitia kabureta.

Sikumgombeza. Nilimwambia azibe tundu la plagi la nyuma kwa dole gumba, nami nikaizungusha kranki kwa spana. Mzunguko wa kwanza pistoni ikapanda, kidole kikatulia. Mzunguko wa pili upepo ukalisukuma dole mpaka ukatoa mlio. Akanitazama. "Hapo ndipo cheche inatakiwa," nikamwambia. Alizibadilisha nyaya zote nne mwenyewe. Hatasahau.

Saa tano mwenye gari akafika. Sina neno baya juu yake. Amelipa kila alipoambiwa na amengoja. Tatizo ni shemeji yake, aliyekuja naye akiwa na simu mkononi tayari kurekodi.

"Fundi, washa basi tuone."

"Bado, mkubwa. Kwanza tupandishe presha ya oili bila plagi."

"Bila plagi itawakaje?"

"Haitawaka. Ndiyo maana tunazitoa."

Akamgeukia mwenye gari. "Si nilikwambia? Hawa watu huchelewesha ili waongeze bei. Jirani yangu alibadilisha injini, wakaweka ufunguo, ikawaka siku hiyohiyo."

Nilimweleza, na nitaeleza tena hapa. Injini iliyotumika ikitoka kwenye gari jingine, oili ilishapita kila mahali na vyuma vyake vilishazoeana. Hii yangu haijawahi kuzunguka kwa nguvu yake hata mara moja. Kamshafti na tapeti zimepakwa dawa nyeusi nzito, na hiyo pekee ndiyo inayovilinda hadi oili ifike. Kila ukiizungusha injini kwa stata bila kuwaka, dawa hiyo inafutika kidogo. Kwa hiyo siku ya kuwasha, lazima iwake mara moja, na ikiwaka isingurume chini. Ipelekwe mizunguko kama 2,000 kwa dakika, ikae hapo dakika 20. Oili ya kamshafti hurushwa na kranki inapozunguka, na mzunguko wa polepole haurushi vya kutosha. Ukikosea dakika hizo, kamshafti inalika, na unaanza upya.

Alinisikiliza akitazama simu.

Plagi nje. Stata sekunde 10, pumzika, sekunde 10 tena. Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi ilikuwa inawaka. Mara ya tatu, bado inawaka. Mara ya tano. Hapo moyo wangu ulishuka. Bila plagi injini inazunguka wepesi, pampu ilipaswa kuwa imeshavuta. Nikaanza kuifumua injini kichwani: je, gasketi ya pampu niliiweka? Niliiweka. Kizibo cha nyuma ya bloku, kile tulichokitoa kusafisha njia za oili, nilikirudisha? Nakumbuka nilikirudisha. Nakumbuka kweli, au nakumbuka injini nyingine?

Shemeji akasema, sauti ya juu ili banda zima lisikie, "Kwani imeharibika tena?"

Watu wakasogea. Grogan haina siri. Mmoja akasema pampu, mwingine akasema oili ni nzito, mwingine akanishauri niwashe tu, presha itakuja yenyewe. Mwenye gari hakusema kitu, lakini niliona alivyoshika mlango wa gari la baba yake.

Niliketi kwenye tairi dakika mbili bila kuongea. Kisha nikaifungua swichi ya presha kwenye bloku, nikaweka kidole karibu na tundu, nikamwambia kijana apige stata. Oili ikaruka ikanilowesha hadi kwenye kiwiko. Vuguvugu haikuwa, ilikuwa baridi kama maji ya bomba asubuhi, na sijawahi kufurahia uchafu kiasi kile. Pampu ilikuwa inafanya kazi tangu mara ya kwanza. Tukafungua kifuniko cha valvu: oili inachuruzika kwenye rokari zote, vile vyuma vinavyobonyeza valvu.

Taa je? Nikaufuata waya wake kwa vidole, sentimita kwa sentimita, hadi nyuma ya injini. Ulikuwa umebanwa na mabano ya gia boksi, ngozi imechubuka, nyuzi za shaba zinagusa chuma. Taa ile huwaka waya wake ukigusana na bodi, presha iwepo isiwepo. Nilikata kipande kile, nikaunga, nikakivika mpira. Taa ikazimika kwenye jaribio la kwanza.

Kazi ya dakika kumi. Kuitafuta ilikula zaidi ya saa mbili, na kwenye bili haina mstari wake.

Betri nayo ikawa imechoka. Tukaazima ya lori kwa jirani. Chakula cha mchana kilipita. Githeri yangu ilikaa kwenye kibanda cha mama hadi ikapoa. Tangi la gari lina kutu, hivyo tukaning'iniza mtungi wa lita 5 wa petroli safi. Nikaijaza bakuli ya kabureta kwa bomba la sindano ili injini isizunguke kavu ikisubiri mafuta. Feni ya 504 hushikwa na sumaku ya umeme injini ikipata joto. Nikapeleka waya moja kwa moja kutoka betri, nikasikia tak, imeshika. Leo sitaki kutegemea swichi ya zamani. Miguu ilikuwa inauma. Sikumbuki saa ngapi tuliweka plagi.

Pengine saa kumi hivi. Kijana kwenye kiti, mimi kwenye kabureta, mtu mmoja na ndoo ya mchanga kando. "Washa."

Ikazunguka mara mbili ikawaka.

Niliinua mizunguko papo hapo, nikaishika hapo. Kelele ilijaza banda lote. Dakika ya tatu moshi mweupe ukaanza kutoka kwenye ekzosi: ni mafuta ya mikono yetu na dawa iliyomwagikia chuma, inaungua. Shemeji akapiga kelele, "Zima! Inaungua!" akaingiza mkono dirishani kutafuta ufunguo. Nilimshika mkono. Sikumshika vibaya, lakini sikuuachia. "Mkubwa, ukizima sasa umeiua." Mwenye gari akaja akamtoa pale taratibu.

Dakika ya nane bomba la maji likatoa tone, nikakaza klipu bila kuzima. Dakika ya kumi na mbili nikageuza distributa kidogo kwa taa ya taimingi, mlio ukatulia, ukawa mmoja. Presha ikasimama vizuri. Nilikuwa nasikiliza tapeti nane, moja moja, kupitia bisibisi ndefu niliyoiegemeza sikioni. Zote zinaongea sawa.

Dakika 20. Nikazima.

Tuliimwaga oili ikiwa moto, ikiwa na rangi ya risasi kwa ile dawa, nikapitisha sumaku ndani yake. Ikatoka na vumbi laini kama unga, hakuna chembe. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

"Kwa hiyo naondoka nalo?" mwenye gari aliuliza. Alikuwa anatabasamu, na ilinibidi nimwambie hapana. Hedi, kichwa cha injini, lazima ikazwe tena, na kukaza ni injini ikiwa baridi kabisa, yaani kesho asubuhi. Kisha valvu zipimwe upya.

Nilitegemea anilaumu. Aliniuliza tu saa ngapi. Nikamwambia aje saa tatu.

Shemeji alishapanda boda. Mwenye gari alibaki, akaketi kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, hadi tukaanza kufunga mabati. Chuma kilikuwa kinapoa na kulia tik, tik, tik, na kila kilipolia aliinamisha kichwa kukisikiliza.